Naomba ushauri: programu ipi ya kuchezea Doom kwenye laptopu ya zamani?

Wakuu, habari za jioni. Nina laptopu ya mtumba niliyoichukua Kariakoo: Core 2 Duo, RAM GB 2, grafiki ni ile ya Intel ya kwenye bodi. Nataka mdogo wangu acheze Doom, ule mchezo wa kufyatua risasi wa 1993, maana ndiyo iliyonifundisha kushika mausi. GZDoom, mojawapo ya programu za kuuchezea, imegoma. Kioo kinakuwa cheusi, unakuja ujumbe wa OpenGL (njia ya programu kuchora picha kupitia grafiki), inajifunga. Nimeona pia Chocolate Doom, Crispy Doom na DSDA-Doom. Zinatofautianaje? Bando ni dogo, siwezi kushusha zote.

#2
Pole mkuu, mashine yako ni nzima. GZDoom za sasa kwa kawaida zinataka OpenGL 3.3, na Intel za enzi ya Core 2 Duo zinaishia 2.1, hivyo usisumbuke na draiva. Chukua Crispy. Picha inachorwa na prosesa yenyewe, pikseli 640×400, mara mbili ya ile ya asili kila upande. Tofauti utaiona ukikata kona kwa kasi: Doom ya zamani ni fremu 35 kwa sekunde, Crispy ukiiondolea kikomo hicho inateleza kabisa.

#3
Mimi ningempa Chocolate. Imetunza Doom ilivyokuwa, 320×200 na kasoro zake zote. Dogo aone ulichokiona wewe.

#4
#3 nakuelewa, ila Chocolate imebaki na mipaka ya injini ya zamani, ramani nyingi za mashabiki zinaiangusha. DSDA ni ya wanaoshindana kumaliza mchezo haraka na kurekodi demo (rekodi ya uchezaji wao), anayeanza haihitaji.

Jambo kubwa ni faili la WAD, lile lenye picha, sauti na ramani za mchezo. id Software, waliotengeneza Doom, walipoachia msimbo mwaka 1997, picha, sauti na ramani hazikuwemo. Usipakue WAD za wizi. Ile ya majaribio, doom1.wad, ni kama MB 4 tu na ina ramani 9. Akizimaliza mpe Freedoom, WAD mbadala iliyotengenezwa na mashabiki, ni bure na halali, na Crispy inaimudu.

Mleta uzi
Asanteni sana wakuu. Nimeweka Crispy na doom1.wad, imewaka mara ya kwanza. Dogo kaingia chumba cha kushoto, kapanda ngazi, kachukua ile deraya ya kijani bila kuelekezwa na mtu. Nimefurahi mno. Sasa hataki kunipisha.