Tupeane uzoefu: kutoka ukame wa 2020–2023 hadi mafuriko ya 2024

Mwanzisha mada: Wanajamvi, kila msimu unapokaribia nakumbuka ile misimu mitano mfululizo ambayo mvua ilitukatalia, kisha El Niño ya mwishoni mwa 2023 ikatukuta bado hatujapata nafuu. Naomba kila mmoja aeleze yaliyomfika.

Mfugaji wa Marsabit: Kwetu ilianza kwa ng'ombe kushindwa kuinuka asubuhi. Tuliwashika mkiani na kwenye pembe kuwasimamisha. Aliyeweza kusimama alikokotwa hadi kisimani, na aliyeshindwa aliachwa hapo hapo, kwa sababu hata ukimchinja nyama haikuwa na mnunuzi. Mbuzi walitafuna maboksi. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba mvua ilipokuja hatimaye, ilikuja na baridi, ikawaua wale waliovumilia ukame wote, maana mnyama aliyekonda hana mafuta ya kumkinga.

Binti wa Isiolo: Kweli kabisa. Kondoo wetu walikwenda hivyo hivyo.

Mzee wa Zamani: Poleni, lakini El Niño si ngeni. Tuliiona ya 1997, na kabla yake mvua za 1961 zilijaza maziwa. Tuanze kujilaumu kwa mkaa tunaochoma wenyewe.

Mwalimu wa Jiografia: Shikamoo mzee. El Niño ni ya asili, lakini kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua inaposhuka hushuka nzito zaidi. Kuhusu ukame, wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto linalotokana na binadamu limeufanya uwezekano wake kuwa mkubwa takriban mara 100, hasa kwa jinsi joto linavyokausha udongo. Huyu mfugaji hakuwasha moto huo.

Mzee wa Zamani: Marahaba. Hata hivyo mlima ukivuliwa miti, maji hushuka na mawe, na shoka tunalo sisi.

Mama wa Rufiji: Naomba niseme langu. Sisi hatuogopi maji kuingia shambani. Tunayangoja, kwani yakishapungua ndipo tunapolima mlau, yaani kilimo cha kwenye unyevu unaobaki mafuriko yakiondoka. Aprili 2024 hayakupungua. Yaliingia usiku, na baba mkwe akakataa kutoka mpaka yalipofika mvunguni mwa kitanda. Tulimpakia mtumbwini pamoja na gunia la mpunga wa mbegu, mtumbwi ukazidiwa, ikabidi gunia litupwe. Msimu wetu uliofuata ulikuwa ndani ya gunia lile.

Binti wa Isiolo: Pole sana mama. Mzee alipona?

Mama wa Rufiji: Yu hai, lakini mvua ikianza usiku hataki kulala.

Mfugaji wa Marsabit: Wenye mifugo, uzeni mapema kabla ng'ombe hajakonda. Bima ya mifugo, ile inayopima ukijani wa malisho kwa setilaiti, ilianzia kwetu 2010; iulizieni.

Mzee wa Zamani: Usiuze, badilisha. Ngamia huvumilia pale ng'ombe anaposhindwa.

Mwalimu wa Jiografia: Mama, mbegu igawanyeni, sehemu ikae kwa ndugu aliye mwinuko wa juu.

Mama wa Rufiji: Hilo tumeshalifanya. Sasa natafuta mpunga unaokomaa mapema. Anayeulima kwenye bonde la mafuriko anieleze ulivyomtendea.