Karatasi mbili za chakula cha utumbo zinapingana: maharage nile au nisile?

Fundi_wa_Igoma:

Mwangaluka wanajukwaa. Mimi ni fundi cherehani hapa Igoma. Nakaa kwenye kiti tangu asubuhi mpaka taa za barabarani zinawaka. Mwili umeongezeka, nimefika kilo 89 na mimi si mrefu, lakini kinachonikera kuliko kilo ni tumbo. Sketi niliyoivaa asubuhi ikanikaa vizuri, ikifika saa kumi jioni lazima nifungue kifungo. Gesi, kiungulia, na choo kigumu cha kusukumana nacho.

Mwanangu aliyeko Dar kanitumia mpango wa chakula rafiki kwa utumbo. Unasema nile maharage, dengu, vitunguu, mboga kwa wingi na mtindi, ili bakteria wazuri wa tumboni washibe, nami nipungue. Nikafurahi. Wiki hiyohiyo mteja wangu mmoja akanionyesha karatasi aliyopewa alikotibiwa tumbo: usile maharage, usile vitunguu wala kitunguu saumu, usile ngano, usile embe, usinywe maziwa. Zote mbili juu zimeandikwa ni kwa afya ya utumbo. Nifuate ipi?

Halafu huu wa mtoto una vitu vyake. Brokoli, lozi, siki ya tufaha, mbegu za chia. Pakiti ya lozi pale supamaketi, kwa bei ile narudi nyumbani na sado ya dagaa.

Ninachokula ni hiki: asubuhi chai ya maziwa na maandazi au chapati. Mchana wali maharage kwa mama ntilie, na soda, maana saa nane usingizi unanikamata juu ya cherehani. Usiku ugali wa sembe na sangara wa kukaanga, saa tatu hivi, halafu nalala. Mgongo ukiuma nameza vidonge vya maumivu vya duka la dawa. Nimekulia Sengerema kando ya ziwa, ziwa ndilo lilikuwa bomba letu na bafu letu, na maji ya ziwa hayakuwahi kunidhuru.

Mwenye kujua anisaidie, bila matusi na bila kuniuzia kitu.

Sato_Mchemsho:

Dada, ugali saa tatu usiku na moja kwa moja kitandani? Hapo kiungulia umekialika mwenyewe na kiti umekivutia. Kula saa kumi na mbili, moja, halafu tembea hata mpaka stendi ya daladala urudi. Mengine wataalamu watakuja.

Shepu_Chapchap:

Pole mamii. Nina chai ya mitishamba inasafisha utumbo wote, tumbo linakuwa bapa ndani ya wiki. Nitafute pembeni.

Nesi_Mstaafu_Kitangiri:

Wewe wa chai, mwenzako kasema hataki kuuziwa na bado umetandika biashara. Chai nyingi za namna hiyo ndani ni sanamaki. Sanamaki ni dawa ya kuendesha, inafanya kazi kwenye utumbo mpana wakati chakula kimeshafyonzwa huko juu. Kinachoshuka kwenye mzani ni maji na choo. Mtu akiinywa kila siku anapoteza maji na potasiamu, halafu anashangaa miguu kukosa nguvu. Nimewapokea wodini.

Sasa mama fundi. Karatasi zako hazigombani, zimeandikiwa watu tofauti.

Ile ya mteja wako naijua. Mpango ule ulitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kwa ajili ya watu ambao wamepimwa wasionekane na ugonjwa, lakini tumbo linajaa, linasokota, leo wanaharisha, kesho choo kimefunga. Maharage, vitunguu, ngano, embe, tikiti na maziwa vina sukari ambazo utumbo mwembamba wa watu wengi hauzimalizi. Zinateremka mpaka utumbo mpana, zinavuta maji, bakteria wanazichachua, gesi inajaa. Mtu mwingine gesi hiyo hata haisikii. Mwenye utumbo wa namna ile inamlaza. Na kuna sehemu ambayo karatasi hizi zikishapigwa picha na kurushwa kwenye simu huwa inakatwa: makatazo yale ni ya wiki mbili hadi sita tu. Baada ya hapo unarudisha chakula kimoja kimoja, ujue kipi hasa kinakuudhi, na vingine vyote unaendelea navyo. Halikuwa lengo lake kupunguza mtu mwili. Ukiufuata mwaka mzima utakuwa unawanyima chakula bakteria walewale ambao mwanao anataka uwalishe.

Wa mwanao ndio wa watu wengi. Nyuzinyuzi za chakula sisi wenyewe hatuwezi kuzisaga. Zinawafikia bakteria wa utumbo mpana, wanazichachua na kutoa asidi ambazo ngozi ya ndani ya utumbo huo inazitumia kama chakula. Choo kinalainika na shibe inadumu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na gramu 400 za mboga na matunda. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina zaidi ya gramu 10. Andazi na sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe pe, humo hupati cha maana.

Ila usianze kwa pupa. Mtu ambaye hajazoea nyuzinyuzi akijaza sahani ya maharage na kabeji siku ya kwanza, usiku huo nyumba nzima haitalala. Ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na maji ya kunywa yaongezeke pia, la sivyo hicho choo kigumu kitazidi kuwa kigumu.

Brokoli sahau. Una mgagani, mlenda, matembele, majani ya maboga, nsansa ya karanga. Una ulezi na mtama. Asubuhi badala ya andazi kula matobolwa na karanga. Kile kiazi kimechemshwa kikapoa kikaanikwa, na wanga ukishapikwa ukapoa, sehemu yake inakuwa ngumu kusagika, inateremka mpaka kwa bakteria kama nyuzinyuzi. Bibi zetu huku Usukumani walikuwa wanatafuta chakula cha kukaa mpaka kiangazi, wakapata na hicho. Badala ya lozi, karanga zako za Igoma zinatosha, konzi moja, maana nazo zina mafuta mengi.

Maziwa tuyaseme. Watu wazima wengi katika Afrika hawaimudu vizuri sukari ya maziwa. Acha chai ya maziwa kwa wiki mbili uone sketi inasemaje. Mtindi mara nyingi hausumbui hivyo, kwa kuwa bakteria waliougandisha wamekula sehemu ya ile sukari. Lakini maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe. Wanaokunywa mtindi wa maziwa mabichi kwa sababu "ndio wa asili" wanautafuta ugonjwa wa brusela, ule wa kuambukizwa na mifugo.

Kuhusu kilo, bakteria hawayeyushi mafuta, asikudanganye mtu. Unapungua kwa kuwa unashiba mapema na umeacha baadhi ya vitu. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, ni vijiko tisa vya chai umejimiminia saa nane mchana ili usisinzie. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori karibu 120, na sangara akiingia kwenye karai la mafuta hatoki na kijiko kimoja. Mchemshe na nyanya na ndimu, au mbanike. Tumbo likinywea ndani ya siku chache ni gesi imetoka, usikimbilie kubana nguo zako. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.

Na sasa yale uliyoyataja mwishoni kana kwamba si kitu.

La kwanza, Sengerema na ziwa. Unasema halikuwahi kukudhuru, lakini pwani yote hii ya ziwa kuna kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na vinapenya ngozi. Si lazima unywe, kusimama kufua kunatosha. Unaweza kukaa nacho miaka ukadhani ni gesi tu. Kinaumiza tumbo, kinatoa damu kwenye choo, mwishowe kinaharibu ini. Hakuna mtindi unaotibu kichocho. Unapimwa choo, ukikutwa nacho unapewa prazikwanteli kulingana na uzito wako.

La pili, vidonge vya mgongo. Ni diklofenaki au jamii yake, sivyo? Hivyo vikimezwa mara kwa mara vinachubua tumbo. Mtu anapata kidonda halafu anayasingizia maharage. Kisababishi kingine kikubwa cha vidonda ni bakteria. Daktari Barry Marshall wa Australia alipoona wenzake hawaamini, mwaka 1984 alikunywa bakteria hao mwenyewe akaugua tumbo, na mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Navyo vina kipimo na vina dawa. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukianza kukonda bila kukusudia, usirudi hapa jukwaani kuuliza, nenda hospitali.

Mama_Ntilie_Mkuyuni:

Shikamoo Nesi. Mimi nipikaye maharage kila siku niongezee. Yaloweke usiku kucha, asubuhi yamwage yale maji yenye povu, weka mapya, yakichemka mara ya kwanza mwaga tena. Gesi inapungua sana na mkaa unaokoa. Mama ntilie wengi hatumwagi, tusidanganyane, tunakimbizana na saa sita. Kwa hiyo dada ukila mgahawani usishangae. Wengine wanatia na magadi yaive haraka.

Na sembe aiache ale dona.

Mkulima_wa_Magu:

Dona sawa, ila mahindi gani? Sumukuvu inakaa zaidi kwenye pumba na kiini, na dona inasaga vyote. Usinunue unga wa dona usiojua umetoka wapi. Nunua mahindi makavu, chambua yaliyooza, yaliyovunjika na yenye ukungu, peleka mashine mwenyewe. Kuyapika hakuiondoi hiyo sumu. Mimi kwangu tunachanganya mahindi na mtama.

Shepu_Chapchap:

Nesi una wivu na biashara za watu.

Nesi_Mstaafu_Kitangiri:

Marahaba mama. Uliyosema ya kumwaga maji ni kweli tupu, zile sukari zinazoleta gesi sehemu yake inatoka na maji. Mkulima naye asikilizwe.

Mwenye chai andika hapa hadharani majani yote yaliyomo na kiasi chake. Tunasubiri.

Fundi_wa_Igoma:

Shikamoo Nesi, na asanteni wote. Ni diklofenaki kweli, sijui umeonaje. Na nikisema ukweli nimekuwa navimeza karibu kila wiki, hasa msimu wa sare za shule.

Nimepanga hivi. Chai ya maziwa na soda naacha kuanzia kesho. Maandazi naacha nikipata matobolwa, dada yangu yuko Misungwi atanitumia. Maharage nitapika mwenyewe Jumapili ya kumwaga maji mara mbili. Hii ya kula saa moja jioni ndiyo itanishinda, wateja wangu wanakuja wakitoka kazini. Labda nile hapohapo kibandani.

Mawili naomba kuuliza. Muhogo na togwa je? Na hicho kipimo cha choo, nikienda wakasema hakuna kitu, ndiyo basi?

Nesi_Mstaafu_Kitangiri:

Marahaba mwanangu. Kula kibandani ni sawa kabisa, beba kwenye hotpoti.

Muhogo ni wanga kama ugali, unajaza tumbo lakini haukubebei mzigo mwingine. Ule mara mojamoja pamoja na mboga nyingi, na uwe umelowekwa na kuanikwa vizuri, hasa ule mchungu. Togwa ya ulezi ni nzuri, imechachuka na nafaka imo. Tatizo ni sukari ambayo watu wanaimwaga humo mpaka inakuwa soda ya kienyeji. Usitie.

Mgongo, zungumza na daktari kabla ya kumeza kingine. Kila baada ya nguo moja simama ujinyooshe, na kiti chako kitazame, mafundi wengi mnakalia stuli isiyolingana na meza.

Kipimo: hapana, si basi. Mayai ya kichocho hayatoki kwa wingi uleule kila siku. Mtu anaweza kuwa nacho na sampuli ya siku hiyo isionyeshe. Wakisema hakuna, waombe upeleke sampuli nyingine siku tofauti, na uwaambie wazi kwamba umekulia ziwani na umeoga ziwani. Usingoje wakuulize, foleni ikiwa ndefu hawaulizi. Ukipewa dawa, meza ukiwa umekula, inapunguza kichefuchefu.

Fundi_wa_Igoma:

Sawa Nesi. Nitakwenda Jumatatu, Jumamosi nina gauni za harusi.