Talking Heads: tuwasikilize kwa mpango gani, na ni kweli waliisha 1980?

Mkaa_Kibokoni

Salaam aleikum wanabaraza. Nataka ushauri wa wanaowajua hawa Talking Heads, bendi ya roki ya New York, kwa undani.

Kuna kikao cha kusikiliza muziki hapa Mji wa Kale, watu kama kumi na tano. Wengi masikio yao yamelelewa na taarabu, bango na Lingala; roki waijua kwa mbali. Zamu hii ni Talking Heads. Muda ni dakika 150, baada ya Isha. Vyombo ni amplifaya moja, spika mbili za inchi nane na mashine ya santuri. Albamu zao za studio ni nane, 1977 hadi 1988, kwa hivyo zote hazienei.

Twende kwa mfuatano wa miaka au turuke? Na ule ubishi kwamba mtayarishaji wao Brian Eno alipotoka baada ya albamu ya Remain in Light, 1980, bendi ilibaki jina tu, mwauonaje? Pia kuna mwenzetu ashaanza kusema Remain in Light yenyewe "ni wimbo mmoja, na hauendi popote". Huyu ajibiwe nini?

BesiYaTudor

Aleikum salaam. Nianze na huyo mwenzenu, maana amegusa penyewe bila kujua. Kwa upande wa kodi (chords) za gitaa, kweli nyimbo zile haziendi popote. Nyingi zimekaa pale pale tangu mwanzo hadi mwisho, ubeti na kiitikio vikipanda juu ya msingi mmoja. Kinachobadilika ni nani anapiga na nani kanyamaza.

Sababu ni namna zilivyotengenezwa. Mwaka 1980 waliingia studio ya Compass Point, Nassau, kule Bahamas, bila nyimbo zilizoandikwa. Walipiga pamoja, wakasikiliza, wakachagua kipande kifupi kilichokaa sawa, kisha mpigaji akakirudia kwa mkono wake mwenyewe muda wote wa wimbo. Hakuna kompyuta iliyomrudishia. Vipande vikapandishwa juu ya vipande. Wakati wa kuchanganya sauti kazi kubwa ikawa kwenye vitufe vya kunyamazisha vya miksa: fungua gitaa hili, funga lile, na hapo ndipo ubeti unapoachana na kiitikio. Maneno ya mwimbaji wao, David Byrne, yalikuja mwisho kabisa, na kwenye Once in a Lifetime aliazima lahani za wahubiri wa redioni.

Kwa hivyo anayengoja wimbo "uende" atangoja sana. Mwambie asikilize nani kaingia na nani katoka.

Sasa kinachoharibu mambo mara nyingi: spika. Ukiipiga albamu hii kwenye simu au kijispika cha bluetooth, besi ya Tina Weymouth hupotea yote, na besi ndiyo nguzo. Unabaki na gitaa zinazowasha na mtu anayefoka. Inchi nane zinatosha, ila zikae shubiri moja au mbili kutoka ukutani ili ukuta uipe besi nguvu, zisisukumwe hadi kwenye kona. Vyumba vya Mji wa Kale vina kuta nene za mawe, sauti haina pa kutokea. Kwenye kona besi itavuma na kuifunika ngoma ya Chris Frantz. Tandikeni mikeka au zulia. Na kile kitufe cha kuongeza besi kwenye amplifaya kizimwe.

Upande wa kwanza una nyimbo tatu tu, dakika 17. Pigeni mara moja watu wakifuata besi peke yake. Kwenye Born Under Punches besi hupiga vishindo vifupi kisha huacha pengo, na gitaa zinaishi ndani ya yale mapengo. The Great Curve, wimbo wa tatu, unafaa kufuatwa kwa sauti za waimbaji: mstari wa kwanza unaanza, wa pili unaupanda mgongoni, wa tatu unakuja, na hakuna anayempisha mwenziwe. Zile gitaa mbili zinazolia kama mnyama ni za Adrian Belew, mpiga gitaa mgeni waliyemwalika.

Upande wa pili, Once in a Lifetime ina kitu ambacho watu wa Pwani watakipata haraka kuliko Mmarekani. Eno aliusikia mdundo vibaya: pigo la tatu akalichukua kuwa la kwanza. Badala ya kumsahihisha wakaacha hesabu zote mbili ziishi pamoja, ndiyo maana mguu wako na kichwa chako havikubaliani. Mtu aliyekulia kwenye chakacha keshazoea ngoma moja kuhesabu mbili na nyingine tatu. Ila msiwaambie ni mdundo ule ule. Chakacha ni sita kwa nane, huu ni nne kwa nne; kinachofanana ni ule ugomvi wa nani ashike "moja".

BintiKisauni

Besi, umesema kweli lakini umeanzia ghorofani. Mtu ambaye hajasikia walikotoka hawezi kujua ni nini kilichobadilika.

Walianza 1975 New York, watatu, waliokuwa wamejuana kwenye chuo cha sanaa cha Rhode Island. Jerry Harrison aliongezeka 1977. Albamu ya kwanza, Talking Heads: 77, ni kavu: gitaa jembamba, ngoma iliyonyooka, na sauti ya Byrne kama mtu aliyebanwa shati. Psycho Killer ndiyo wimbo wa kuwapigia, na besi yake hata mtoto ataishika. 1978 Eno akaja na More Songs About Buildings and Food. Hapo pigeni Take Me to the River, wimbo wa mwimbaji Al Green walioupiga upya, muone alichofanya Eno: aliwafanya wapunguze mwendo. Wimbo ukawa mzito, kila chombo kikapata nafasi ya kupumua. Hilo ni somo kwa bendi zetu za hotelini pia, ambazo zikiona watu hawachezi huongeza kasi.

Mlango wenyewe ni Fear of Music, 1979. Msingi wake ulirekodiwa nyumbani kwa Frantz na Weymouth, gari la studio likiwa limeegeshwa nje na nyaya zikipandishwa juu. Nyimbo nyingi zina jina la neno moja tu, Mind, Paper, Cities, Air, kana kwamba Byrne anaokota kitu kimoja kimoja na kukitilia shaka. Na wimbo wa kwanza, I Zimbra, ndio uliozaa Remain in Light. Maneno yake hayana maana yoyote, yametoka kwenye shairi la Hugo Ball, Mjerumani wa kundi la wasanii lililoitwa Dada. Mkiisikia dakika tatu hizo, hamtashangaa 1980 ilipokuja.

Kuhusu "Eno katoka, bendi ikaisha": si kweli, na mwaka wenyewe mmeukosea. Speaking in Tongues ya 1983 walijitayarishia wenyewe, na Burning Down the House ilifika nambari 9 Marekani, juu kuliko wimbo wao wowote. Njia ya kazi ilibaki ile ile, mdundo kwanza maneno baadaye, ila walipunguza tabaka. Sikilizeni This Must Be the Place: walibadilishana vyombo, Weymouth akashika gitaa, na kipande kimoja cha besi na gitaa kinajirudia mwanzo hadi mwisho bila kuguswa. Ni hesabu ya Remain in Light ikiwa na vitu vinne badala ya kumi na nne. Kwangu mimi ndio wimbo wao bora, na sitaki kubishana.

Mpasuko ni 1985, Little Creatures. Pale Byrne alikuja na nyimbo zilizokwisha kuandikwa, bendi ikawa ya kumsindikiza. Road to Nowhere ni wimbo mzuri, siukatai, lakini msikilize Frantz: anatunza mwendo tu. True Stories ya 1986 ruka. Zile ni nyimbo za filamu ya Byrne, nyingi zilipangiwa waigizaji waziimbe, na kwenye albamu Byrne anaimba mwenyewe nafasi za watu wengine. Zinasikika hazina mwenyewe.

Naked, 1988, isiachwe. Waliirekodi Paris na wanamuziki wa Kiafrika waliokuwa wakiishi kule, Steve Lillywhite akiwa mtayarishaji. Wapigieni watu wa Lingala wimbo wa Nothing But Flowers bila kuwaambia ni nani. Watainua vichwa gitaa likiingia.

Santuri_Feri

Maneno ya muziki yamekwisha semwa na wenyewe. Mimi niseme ya matoleo, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa.

Speaking in Tongues: santuri ya 1983 na kanda ya 1983 si kitu kimoja. Kwenye kanda nyimbo tano ni ndefu zaidi, jumla yapata dakika 47, santuri ni kama 41. Si kosa la kiwanda. Ukiongeza dakika upande mmoja wa santuri inabidi mifereji ibanwe, na mifereji ikibanwa besi hupungua. Ukiona dakika hazilingani na za rafiki yako, usidhani umeuziwa feki.

Stop Making Sense, albamu yao ya tamasha, ya 1984 ilitoka na nyimbo 9 tu, tena zilizokatwa. Ya 1999 ina 16. Ya 2023 ndiyo tamasha zima, 18. Santuri ya zamani ni ya kupamba ukuta, bwana.

Remain in Light: toleo lililoongezwa vipande katikati ya miaka ya 2000 lina vinne visivyomaliziwa, kimoja kinaitwa Fela's Riff. Kwa yule anayesema haiendi popote, mpigieni hicho. Ni mdundo mtupu kabla ya maneno, unasikia matofali bila lipu. Na jina lenyewe linakuambia walikuwa wakisikiliza nini. Afrodisiac, albamu ya Fela Kuti wa Nigeria, ndiyo iliyokuwa kioo chao. Angélique Kidjo wa Benin aliirekodi upya Remain in Light nzima 2018, wimbo kwa wimbo. Mkipata muda, linganisheni wimbo mmoja tu. Msipige zote mbili, watu watalala.

Kama mtatumia santuri za mkononi kwa mtu: hewa ya bahari huotesha kuvu kwenye mifereji, na kuvu ndiyo ile sauti ya kukaanga unayosikia. Chukua nusu lita ya maji ya betri, yale yaliyosafishwa tu, SIYO asidi, soma chupa mara mbili. Tia matone mawili ya sabuni ya maji ya vyombo. Kitambaa laini kisichotoa nyuzi, pangusa kufuata mzunguko, usikate mifereji. Karatasi ya katikati isiguswe na maji. Suuza kwa maji yale yale bila sabuni, isimamishe kivulini hadi ikauke. Maji ya kisima hapa yana chumvi, yakikauka huacha unga mweupe na ukawa umeongeza tatizo. Juani usithubutu: itapinda, na iliyopinda hainyooki.

Mkaa_Kibokoni

Mashallah, ahsanteni. Dada Kisauni, kwa hivyo twende kwa miaka? Nilikuwa nafikiria kuanza na Nothing But Flowers ili niwashike watu wa Lingala mapema, na kufunga na Remain in Light yote hadi wimbo wake wa mwisho, The Overload.

BintiKisauni

Hapana, ndugu yangu. Ukiwapa Naked mwanzoni, wataingojea gitaa ile usiku kucha, na 77 itawaonekea mifupa mitupu. Nendeni kwa miaka. Dakika 20 za albamu mbili za kwanza, 15 za Fear of Music mkianza na I Zimbra, kisha Remain in Light yote, dakika 40. Kahawa na halua hapo, dakika 20. Speaking in Tongues 25, Naked 15. Zinabaki 15 za kubishana, nazo hazitatosha.

BesiYaTudor

Nakubaliana naye, ila The Overload itoeni, kisha kahawa. Ni dakika sita za mvumo mzito usio na mahali pa kuweka mguu. Ikiishia Listening Wind, yule mwenzenu atakuja kwenye kahawa akiwa bado ana hamu ya kugombana.

Santuri_Feri

Na kama ni santuri, mtu mmoja akae karibu na mashine kwenye Listening Wind. The Overload inaifuata pale pale, sindano haingoji.