Bendera nyekundu ufukweni: niwapeleke watoto bustani ya maji ya ndani?

Mama Wawili: Habari zenu wadau. Tuko likizo ufukweni, lakini bahari imechafuka na bendera nyekundu imepandishwa tangu jana. Karibu na tulipofikia kuna bustani ya maji ya ndani, yaani mabwawa na mitelezo ya kuchezea chini ya paa. Mkubwa wangu ana miaka tisa na anaogelea vizuri. Mdogo ana mitatu, na ana pumu. Mume wangu anasema mtu hasafiri hadi baharini akajifungie chini ya paa. Mnasemaje?

Mlinzi wa Bwawa: Dada, wapeleke, ila kakague hewa kwanza. Nimefanya kazi ya uokoaji kwenye mabwawa ya ndani miaka mingi, na wazazi wengi hutazama maji tu. Ile harufu kali ya klorini, dawa ya kuua vijidudu majini, si dalili ya usafi. Klorini ikichanganyika na jasho na mkojo hutoa kloramini, na hizo ndizo zinazonuka, zinazowasha macho na kuleta kikohozi. Nje upepo huziondoa. Ndani hutanda juu tu ya maji, usawa wa pua ya mtoto. Kwa mwenye pumu hilo ni jambo zito. Simama kando ya bwawa la wadogo uvute pumzi; koo likikuwasha, rudini. Hewa ikiwa safi, nendeni mapema kabla watu hawajajaa, waoge kwa sabuni kabla ya kuingia, na dawa yake ya kuvuta ikae karibu nawe, isifungiwe kabatini.

Mkubwa mpime urefu kabla ya kumwahidi lolote. Mitelezo mikubwa mara nyingi hudai kama sentimita 120, na nimeona watoto wakilia pale kwenye kipimo.

Baba Nuru: Namuelewa shemeji, lakini bendera nyekundu haina mjadala. Wajapani walijenga Ocean Dome kule Miyazaki mwaka 1993, ufukwe wa bandia chini ya paa, jirani kabisa na bahari yenyewe. Ilifungwa 2007, bahari bado ipo. Bendera ikishuka, nendeni ufukweni asubuhi na jioni, na ndani muingie kati ya saa nne na saa kumi, jua linapochoma zaidi.

Mama Wawili: Asanteni sana. Mdogo nimemnunulia maboya ya mikononi, yanatosha? Halafu juzi aliharisha.

Mlinzi wa Bwawa: Hayatoshi. Yale ya kupuliza huchomoka na hupoteza hewa. Mvalishe jaketi la kuokolea linalomkaa sawasawa, na hata hivyo asiende mbali kuliko mkono wako unavyofika. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, na waokoaji tunatazama watu wengi kwa pamoja.

Kuhusu tumbo, dada yangu, mdogo asiingie bwawani safari hii. Kuna kijidudu kiitwacho kriptosporidiamu kinachoweza kuishi zaidi ya siku saba kwenye maji yenye klorini ya kawaida, na aliyekipata hushauriwa kukaa nje ya bwawa wiki mbili baada ya kuhara kukoma. Bila kupimwa huwezi kujua kama ndicho. Baba aende na mkubwa, wewe baki na mdogo mchangani, mbali na mawimbi.

Mama Wawili: Sawa kaka, mkubwa ataenda na baba yake kesho mapema.