Naomba ushauri: kifua cha gauni la kizungu la zamani kinajikunja
Wakuu habarini, mi fundi cherehani, nimepata oda ya magauni ya maigizo, mtindo wa Uingereza miaka ya 1700, sasa hicho kipande cha juu kinachobana mpaka kiunoni kinanitoa jasho. Wenzetu walikuwa wanatia vijiti vya nyangumi (eti mfupa, kumbe vinatoka mdomoni mwake) halafu wanakaza kamba, na matundu yote yameshonwa kwa mkono maana ringi za chuma zimekuja miaka ya 1800 huko. Mi nimetia plastiki, mteja akikaa tu zinapinda, kitambaa kinajikunja kama kodiani. Nijaribu zile kebotai pana za mafundi umeme (vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya) au niongeze kanvasi kwenye bitana? Na kamba, moja ya kuzungusha au ya kupishanisha? Onyesho wiki ijayo jamani