Dagaa wangu wanapungua kilo njiani, mnunuzi anasema ni mvutano wa dunia. Naombeni ushauri

KijanaWaKibirizi: Wakuu, habari za jioni. Nanunua dagaa wakavu hapa Kibirizi, napima kwa mizani ya kuning'iniza, napakia lori la Dar. Kilo 100 za hapa kule zinasomeka 96. Mnunuzi anasema hakuna wizi: Kigoma iko juu, mzigo ukishuka Pwani mvutano unabadilika, uzito unapungua. Anataka tuandikiane kila kilo 100 zikatwe 4. Kisayansi ni kweli?

MamaDagaa: Dagaa wa siku hizi hawaanikwi wakakauka. Mimi mzigo wangu ulinyeshewa Uvinza nikielekea Tabora, kufika kilo zimeongezeka, nikashangilia. Kesho yake harufu ilifukuza wateja wote.

TichaMwanga: Mdogo wangu, tungamo ni kiasi cha maada kilichomo kwenye mzigo, hupimwa kwa kilo, na halibadiliki hata ukiupeleka mwezini. Uzito ni nguvu inayouvuta huo mzigo, hupimwa kwa nyutoni. Kilo 100 hapa zinavutwa kwa nyutoni kama 980, mwezini 162 tu. Mizani yako ya springi inahisi uzito halafu inakuandikia kilo. Sasa sikiliza: Kigoma iko zaidi ya mita 700 juu ya bahari, kwa hiyo mvutano hapa ni mdogo kuliko Dar. Springi hiyohiyo ingesoma ZAIDI kule! Na tofauti yenyewe kwa kilo 100 haifiki gramu 50. Yeye anapimia nini?

KijanaWaKibirizi: Mizani ya mawe.

TichaMwanga: Hiyo ndiyo kabisa. Jiwe na dagaa vinavutwa sawasawa, popote ulipo inalinganisha tungamo. Mvutano hauhusiki.

Mzee_Ujiji: Mizani yako ina stika ya Wakala wa Vipimo? Na huyo mnunuzi ni nani kwako?

KijanaWaKibirizi: Ni kaka wa mchumba wangu. Mahari nimeshapeleka nusu. Sahihi yangu pia nimeshaweka, bado yake. Jamani si mtu mbaya, ndiye aliyenipokea Dar sina hata nauli. Kilo nne si nyingi.

Mzee_Ujiji: Undugu na biashara havikai kapu moja.

Kadogoo: Chai hii. Swali la kidato cha kwanza limevishwa dagaa. Mtoto ana mtihani kesho.

MamaDagaa: Muache, mbona mahari ameitaja kwa uchungu?

KijanaWaKibirizi: Mkuu, mimi niliishia la saba. Ningetunga ningejiwekea faida.

TichaMwanga: Iwe chai isiwe chai, jibu ni lilelile. Chukua kipande cha nondo cha kilo 10 kwa mizani yako, kifunge ndani ya mzigo, kipimwe kule. Nondo haikauki. Kikisoma 10, dagaa wanakauka au wanachotwa njiani. Kikisoma 9.6, mizani mojawapo si sahihi. Karatasi isubiri.

KijanaWaKibirizi: Nondo ninayo, lori linaondoka Ijumaa. Shemeji nimwambie?

Kadogoo: Usithubutu.

MamaDagaa: Mwambie, mwanangu. Huyo ndiye mjomba wa watoto wako.