Naomba ushauri: nani alipwe kwa kutunza sampuli za mikataba ofisi ya mawakili?

Wakuu, ofisi ya mawakili 9 inataka kuachana na mtindo wa kuchukua mkataba wa mteja wa zamani, kubadilisha majina na kuutuma. Hatari zake mnazijua: jina la zamani linabaki ukurasa wa 7, au kifungu kinarejelea Toleo la Sheria za Tanzania la 2019 (sheria zilizochapishwa upya pamoja na marekebisho yake) ilhali la 2023 limeanza kutumika Julai 1, 2025 na baadhi ya namba za vifungu zimesogea.

Mpango ni kuanza na sampuli 20 tu (pango, mauziano ya ardhi, ajira, mkopo), kila moja na wakili wake na tarehe ya mapitio. Taarifa za wateja zinafutwa kabla. Wajibu wa kutunza siri ya mteja ulikuwepo kabla hata ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kikwazo ni pesa. Bonasi inafuata saa alizotozwa mteja, kwa hiyo wakili mzoefu akitumia saa 6 kusafisha sampuli, imekula kwake. Saa hizo mnazihesabu? Au mmeajiri mtu maalumu? Na rasimu ikishuka kutoka saa 4 hadi 1, mteja mnamtoza muda au kazi?